Mgeni Alale Wapi?

Swali la mgeni alale wapi huonekana dogo. Vitabu vya wasafiri huliweka mwishoni, baada ya historia, mandhari na wanyama, mahali pamoja na bei za vyumba na saa za mabasi. Mimi ningeliweka ukurasa wa kwanza. Mtu anayeandika juu ya nchi ya wenziwe ingempasa amwambie msomaji, kabla ya neno lolote jingine: nililala mahali fulani, nilifikiwa na watu wa namna fulani, na asubuhi nilipofungua dirisha niliona kitu fulani. Hapo msomaji angejua ayapime vipi maneno yanayofuata.

Nasema haya nikiwa mtu wa Ngara kwa kuzaliwa, ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma yaliyoandikwa na wapita njia juu ya Ngara na Biharamulo. Si mengi. Sisi tuko pembeni. Wengi wanaotuandika walikuwa wakienda kwingine. Na sehemu kubwa ya maandishi hayo haina uongo wa makusudi. Kasoro yake ni nyingine: yanasimulia wilaya nzima kutoka katika dirisha moja, na dirisha lenyewe halitajwi.

Tuanze na la zamani. John Hanning Speke alipita pande hizi mwaka 1861 pamoja na mwenzake James Augustus Grant, wakielekea Buganda kutafuta chanzo cha mto Nile. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Nchi aliyoiita Usui ndiyo Rusubi, na sehemu yake kubwa imo katika Biharamulo ya leo. Mtawala wake anaitwa kitabuni Suwarora. Anayeisoma sura ile hukutana na malalamiko mfululizo: hongo, kisha hongo nyingine, maofisa wanaokuja kudai na kuondoka, wezi wa usiku, ugomvi kambini, na mtawala asiyeonekana. Speke hakuonana na Suwarora hata mara moja. Aliwekwa nje, akasubiri, akalipa, akaruhusiwa kupita. Alipoondoka aliandika kama mtu aliyefunguliwa kutoka kizuizini, na katika kichwa cha sura nchi hizi zikapewa sifa ya kutokuwa na ukarimu. Kwa msomaji wa Uingereza hiyo ndiyo ikawa Biharamulo.

Baada ya mwendo wa siku chache tu msafara uleule uliingia Karagwe. Wapagazi ni walewale, bunduki ni zilezile, na mwandishi ni yuleyule. Lakini kitabu kinageuka ghafla. Rumanika, mtawala wa Karagwe, aliwapokea kwa bashasha, akawapa jambo ambalo Suwarora hakuwapa: nafasi ya kuchagua mahali pa kukaa. Na hapa ningemwomba msomaji atulie kidogo, maana sijui mahali pengine katika maandishi ya zamani ya mkoa wetu ambapo swali la mtaa wa kulala limewekwa wazi namna hii. Makao ya Rumanika yalikuwa Bweranyange, kwenye vilima. Wageni waliambiwa wanaweza kukaa ndani ya makao yake mwenyewe. Au wanaweza kwenda kukaa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Au wapige kambi nje. Speke akachagua nje, mahali penye mandhari, juu ya ziwa dogo. Ziwa hilo akalipa jina la Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza.

Simlaumu kwa kupenda mandhari. Nani asiyependa? Lakini tazama uchaguzi huo ulivyofanya kazi katika kitabu. Kutoka kambini mwake Speke anaona maji, milima na mbuga za kuwinda. Mtawala huja kumtembelea, naye humtembelea mtawala, na mazungumzo yao ni ya watu wawili waungwana wanaoulizana habari za dunia. Karagwe inakuwa bustani. Biashara ya pembe, vitambaa na watu, ambayo ndiyo iliyowaleta Waarabu Kafuro, inakaa mbali na mlango wake. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipofika alikwenda kukaa Kafuro kwenyewe, karibu na Hamed Ibrahim, mfanyabiashara tajiri. Karagwe yake inaanzia barazani pa mwenye mali: ng'ombe, pembe, watumwa na masuria, na habari za njia. Rumanika yumo, na anasifiwa, lakini sasa ni mzee anayetembelewa. Nchi ni ileile na mtawala ni yuleyule, ila mitaa ni miwili, na vitabu navyo ni viwili. Katika wageni hao wawili hakuna aliyechagua kulala ndani ya makao ya mtawala, ambako angesikia wake zake, watumishi wake, watoto wake na kesi zinazoletwa mbele yake. Kitabu cha mtaa wa tatu hatunacho.

Nimejiuliza mara nyingi kama nadharia hii yangu inarahisisha mambo kupita kiasi. Yuko Grant wa kunipinga. Yeye alilala palepale alipolala Speke, na kitabu chake cha mwaka 1864 si nakala ya kile cha mwenzake. Grant aliugua mguu Karagwe. Speke alipoendelea na safari Januari 1862 yeye alibaki miezi kadhaa, hawezi kutembea. Ndipo akaangalia mimea, kazi za mikono, mavazi, na watu waliokuja kumjulia hali. Kinachochekesha ni kwamba mtu huyu aliyekaa kitako kwa miezi alikiita kitabu chake kwa jina la matembezi ya kuvuka Afrika. Kwa hiyo sisemi kitanda peke yake huandika kitabu. Muda nao huandika, hata ugonjwa. Lakini ugonjwa wenyewe ulimfanyia Grant nini, kama si kumgeuza kutoka mtu wa kambi kuwa mtu wa mtaa?

Na yuko Bombay, yaani Sidi Mubarak, mkuu wa watu wa msafara, aliyezungumza na Speke kwa Kihindustani. Bombay alilala na wapagazi. Alijua nani ameiba nini, nani amekimbia, na Suwarora alikuwa na sababu gani za kuogopa kundi la wageni wenye bunduki waliokuja bila ya kuitwa. Mwenye nyumba anayeona watu wa namna hiyo wakikaribia uani, akiwaweka nje ya uzio mpaka ajue wanataka nini, amekosa ukarimu? Baba yangu angefanya hivyohivyo. Lakini Bombay hakuandika.

Sasa tuje kwenye boma.

Wajerumani walipojenga boma lao Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, waliliweka juu ya kilima, lenye kuta nene na ua katikati. Boma halikujengwa ili lipendeze, ingawa linapendeza. Lilijengwa ili aliye ndani awaone wote walio nje, na walio nje wote walione. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Biharamulo, kisha Waingereza wakaichukua nchi. Lugha yetu imeihifadhi habari hiyo kuliko makumbusho yoyote. Hadi leo mtu wa Tanzania anayekwenda kwenye ofisi za serikali husema "nakwenda bomani", hata kama ofisi hizo ni za tofali za saruji na zimejengwa bondeni. Kwenda bomani ni kuitwa, kulipa, kujieleza, kungoja kivulini. Babu zetu hawakwenda bomani kulala, isipokuwa waliofungwa.

Boma la Biharamulo limewahi kutengenezwa na kupokea wageni wa kulala, na anayeandika juu ya mji huu hakosi kulisifu. Nami nalisifu. Kuna ukimya, kuna upepo, na jioni unaona mabati ya mji yakibadilika rangi huku moshi wa majiko ukipanda. Mgeni kutoka Ulaya akiuliza mahali penye historia atapelekwa huko, na atafurahi. Ubishi wangu si na jengo. Ni na neno "historia" linavyotumiwa katika ushauri huo. Huambiwa kwamba akilala bomani atakuwa amelala ndani ya historia ya Biharamulo. Atakuwa amelala ndani ya historia ya waliokuja kuitawala Biharamulo. Historia ya Rusubi ya akina Suwarora na watawala waliomfuata haikuwa na kuta za mawe. Makao yao yalikuwa ya miti na nyasi, yakahamahama, na leo hayauzi chumba. Jengo likidumu huonekana kana kwamba ndilo lililokuwapo peke yake. Ni kosa la macho, nalo hufanyika katika miji mingi ya milimani duniani. Ngome juu, hoteli ndani ya ngome, na wenyeji chini wakiuza picha za ngome.

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Richard Burton alipoingia Harar, mji wa kale wenye kuta katika nyanda za juu za Uhabeshi, Januari 1855, alikaa siku 10 katika nyumba ya amiri mwenyewe. Hakuwa na hiari. Kitabu chake juu ya mji ule kimejaa hofu, na si ajabu: mtu anayelala nyumbani kwa mwenye upanga, bila ya kujua kama ataruhusiwa kutoka, huuona mji mzima una ncha. Harar ya wasuka vikapu na wauza kahawa ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya watu wapende kulala karibu na mamlaka huku kwetu, na haifai kuificha. Kuanzia miaka ya 1990, na kwa muda mrefu baadaye, pori la Biharamulo lilikuwa na majambazi wenye silaha za vita, na mabasi yalipita kwa msafara yakisindikizwa na askari. Aliyepita njia ile wakati huo anakumbuka jinsi abiria walivyonyamaza basi lilipoanza kuingia msituni, na jinsi soga zilivyorudi ghafla taa za mji zilipoonekana. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akalale sokoni ili ajifunze maisha ya watu atakuona huna akili. Mambo yamebadilika. Mapori yale, pamoja na Burigi na Kimisi, mwaka 2019 yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na wageni wanaotarajiwa sasa ni wa kuja kutazama twiga. Ndiyo maana swali langu limekuwa na haraka kuliko zamani. Wageni hao watalala wapi? Wakilala juu, wakala juu, wakapanda gari asubuhi kwenda hifadhini, Biharamulo itakuwa mji unaoonekana kutoka juu tu, na shilingi yao haitateremka kilima.

Mimi nilipokwenda mara ya mwisho nilishukia stendi, nikamwuliza dada mmoja aliyekuwa akiuza chai na chapati. Alinisalimu "Shikamoo baba," nikamwitikia, nikamwuliza wageni hulala wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa kilima, kisha akanionyesha gesti mbili za palepale nyuma ya maduka.

"Wewe ungenishauri ipi?"

"Baba, huko juu ni kuzuri, ni kimya. Ila ukishuka usiku kutafuta chakula utakuta tumeshafunga." Akageuza chapati. "Tena ukilala huko, sisi tutajuaje kama umeamka?"

Nimelifikiria neno hilo kuliko mengi niliyoyasoma. Vitabu vya wasafiri humwuliza mgeni ataona nini; huyu aliuliza mgeni ataonwa na nani. Katika mtaa wa stendi asubuhi muuza chai anajua kama umeamka, mwenye gesti anajua umerudi saa ngapi, na kijana wa bodaboda uliyepanda jana anakuita kwa jina la mahali ulikotoka. Ukichelewa, mtu atauliza. Huo ndio usalama tulioujua kabla ya geti na mlinzi, na ndiyo elimu pia, kwa sababu anayekuuliza habari zako naye atakupa zake.

Sitaki kuupamba mtaa huo. Usiku kuna muziki wa baa, alfajiri kuna azana, na saa 11 mabasi hupiga honi kana kwamba dereva ana deni na kila aliyelala. Maji huweza kuwa ya ndoo. Chandarua kikague kabla ya kulipa. Lakini chakula ni kizuri: samaki kutoka upande wa ziwa, ndizi, maharage, ugali wa muhogo kwa anayeutaka. Na masikio yatashiba. Katika meza moja utasikia Kisubi, Kizinza, Kihaya, Kisukuma cha wafugaji na Kiha cha wanaotoka Kibondo, na Kiswahili kikiwaunganisha wote, kila mmoja akikisema kwa lafudhi ya kwao bila aibu. Kutoka bomani juu huwezi kusikia hata moja.

Ushauri wangu basi, kwa aliye na siku mbili Biharamulo, ni kulala chini kwanza na kupanda bomani siku ya pili, jioni, akiwa tayari anajua moshi ule unatoka jikoni kwa nani. Mwenye usiku mmoja tu alale chini.

Gesti zetu zina kitabu ambacho wahakiki hawakijali. Ni lile daftari kubwa la wageni, lenye safu za jina, kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda. Wageni wengi hulijaza kwa kuudhika. Mimi hulipenda, kwa sababu ndilo andiko pekee ambamo mwenyeji humwandika mgeni badala ya mgeni kumwandika mwenyeji. Laiti Suwarora angekuwa na daftari la namna hiyo. Speke angeandika nini katika safu ya unakokwenda, na katika safu ya kazi?

Kuhusu Ngara ninaona uchungu zaidi, na msomaji atanisamehe nikipandisha sauti. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Kambi ikafunguka Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, nayo ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Waandishi wa habari wakaja kwa ndege na magari, wakalala katika mahema na makambi ya mashirika, wakatuma habari zao zikiwa na neno moja juu: Ngara. Kwa miaka miwili na nusu, mpaka wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa Desemba 1996, jina la mji wetu wa mlimani lilikuwa jina la bonde lililofunikwa kwa plastiki.

Habari hizo zilikuwa za kweli, na zilihitajika. Sitaki kusikika kama mtu anayelalamikia jina lake wakati wengine walipoteza watu wote wa nyumbani. Ila naziangalia kama maandishi, na naona dirisha lilelile la Speke, yaani kambi iliyo nje ya mji. Aliyelala pale alimwona mkimbizi na mfanyakazi wa shirika. Alisikia pia, mara nyingi bila ya kujua, sauti za viongozi waliokuwa wameshiriki mauaji ya kimbari na ambao sasa walikuwa wakiwatawala watu wao tena ndani ya kambi. Hakumwona mwenyeji. Wakati huo wakimbizi walikuwa wengi kuliko sisi wenye wilaya. Misitu ilikatwa kwa kuni, mashamba yaliingiliwa, visima vikapiganiwa. Tena, kwa upande wa pili, kulikuwa na soko ambalo halijapata kuonekana, na vijana wetu wakapata kazi za udereva, ukarani na ukalimani. Kihangaza chetu Mrundi hukielewa bila mkalimani, na Mnyarwanda hahangaiki nacho sana. Hilo peke yake lilikuwa habari kubwa, kwamba watu hawa waliovuka mpaka walikuta upande wa pili lugha iliyo ndugu ya lugha yao. Ungeipata katika baraza lolote la Ngara mjini jioni, ungekuwa umelala huko.

Mpaka wenyewe una hadithi yake. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana huko Ulaya namna ya kugawana nchi walizomnyang'anya Mjerumani. Gisaka ilirudishwa Rwanda miaka michache baadaye, lakini Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya Ngara. Mstari ulichorwa na watu ambao hawakuhitaji kuuliza gesti iko wapi.

Kitu kimoja kilichotoka katika miaka ile nakisifu bila kusita, nacho ni Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Ilianza kwa ajili ya kambi, ikaishia kuwa redio ya wenyeji. Kambi zilifungwa, redio ikabaki. Nadhani ni kwa sababu watangazaji wake walikaa mjini, wakanunua ndizi zao tunakonunua zetu.

Basi mgeni wa Ngara alale wapi? Benaco leo ni mji wa malori. Ukiwa dereva wa kwenda Kigali hapo ndipo penu, na taa haziziki. Mgeni mwingine atapata chakula cha moto usiku wa manane na usingizi kidogo. Rusumo ni pa kwenda kutazama maporomoko, daraja, na kituo cha umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, kisha urudi. Kabanga, kuelekea Burundi, ni mpaka, na mpaka una haraka yake. Murgwanza, ng'ambo kidogo ya mji, ina hospitali na makao ya Dayosisi ya Kagera ya Waanglikana. Ni mahali pa heshima na pa kulala mapema, na jirani zako wengi watakuwa watu waliokuja kuuguza. Usipadharau hapo. Mazungumzo ya watu wanaouguza hayana majivuno. Ngara mjini kwenyewe ni pa baridi, mwenye koti alichukue. Na huko ndiko ningempeleka mgeni wangu kwa usiku wa kwanza.

Kwa usiku wa pili ningempeleka Rulenge, na sababu yangu ni mtu mmoja. Christopher Mwoleka alikuwa askofu Mkatoliki wa Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilipotangazwa, wasomi wengi waliijadili wakiwa mijini, wengine kwa kuisifu na wengine kwa kuikejeli. Mwoleka alikwenda kukaa Nyabihanga, katika kijiji cha ujamaa, akalima na wanakijiji. Aliandika pia, na hoja yake mashuhuri ni kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kufumbuliwa kwa akili, bali ni mfano wa kuigwa katika kuishi pamoja. Mtu anaweza kuubishia ujamaa. Mimi mwenyewe ninayo ya kusema juu ya vijiji vile na jinsi watu wengi walivyohamishwa kwa nguvu katika nchi hii. Anaweza kuubishia Utatu akipenda. Lakini maandishi ya Mwoleka yana kitu ambacho sikioni kwa Speke, kwa Stanley wala kwa waliotuma habari kutoka Benaco. Msomaji anajua mwandishi alilala wapi, na anajua kwamba waliolala jirani naye wangeweza kumsahihisha asubuhi.

Rulenge si mahali pa kupigia picha nyingi. Kuna kanisa, shule, maduka machache, migomba, na ukungu unaokaa mpaka saa 3. Ukifika jioni, msalimu mzee wa kwanza unayemkuta barazani kabla ya kuuliza chumba. Atataka kujua unatoka kwa nani, nawe usiseme unatoka kwenye shirika. Kurudi Ngara, ulizia gari la kwanza la alfajiri usiku uleule. Likijaa huondoka, na la pili halina saa.